Mstari wa Karibu na Ukuta

Pimamaji yetu ilikataliwa saa tatu kasoro robo asubuhi, mbele ya kadamnasi, na mimi ndiye niliyeisafirisha kutoka nyumbani nikiwa nimeiviringisha kwenye taulo langu la kuogea.

Mkaguzi wa vifaa alikuwa mama mmoja mrefu, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Alifungua sanduku letu, akatazama miiko, nyundo na uzi, akaridhika. Kisha akachukua pimamaji, akaiegemeza kwenye nguzo ya chuma nyuma ya meza yake, akatazama povu. Akaigeuza, ubavu wa kulia ukawa wa kushoto, akaiegemeza tena palepale. Akatazama tena. Aliifunga kikaratasi chekundu, akaisukuma chini ya meza, akaingia stoo na kumletea mwanafunzi wangu, aliyekuja kushindana, nyingine mpya, bado imo ndani ya nailoni yake.

Mwanafunzi wangu huyo tulimwita Sisimizi, kwa udogo wa umbo na kwa mizigo aliyoweza kubeba. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, bingwa wa taifa wa uashi, msichana pekee katika darasa la wavulana kumi na wanane, na wote hao aliwaacha mbali. Wizara ilikuwa imeitolea ahadi timu yetu yote: atakayefikisha alama mia saba kwenye mashindano haya ya kimataifa ataajiriwa kuwa mkufunzi wa chuo, kazi ya kudumu. Msusi wetu na fundi umeme, nao washindani katika timu hiyo, waliipokea ahadi hiyo kama watu wanavyopokea ahadi za wakubwa, yaani kwa kicheko. Sisimizi aliiamini. Mama yake, aliyemlea peke yake katika chumba kimoja cha kupanga, alikuwa ameshawaambia majirani.

Sasa nieleze, maana si kila mtu ni mwashi. Pimamaji ni kitu kama rula nene ya aluminiamu, yenye vichupa vya maji ndani yake, na ndani ya maji kuna povu. Unaisimamisha ubavuni mwa ukuta. Povu likitulia katikati ya mistari miwili, ukuta umesimama wima. Povu likikimbilia upande, ukuta umelala, hata kama macho ya mwenye nyumba hayaoni. Na kabla ya kuiamini pimamaji yoyote unaigeuza, kama alivyofanya yule mama. Ikisema jambo lile lile pande zote mbili, ni nzima. Ikibadilisha maneno, ni mwongo. Ni kipimo cha dakika mbili. Mwanafunzi anapaswa kukijua wiki yake ya kwanza.

Wanafunzi wangu hawakukijua.

Miaka tisa nyuma pimamaji hiyo ilianguka kutoka juu ya jukwaa, na aliyeiangusha ni mimi. Ilikuwa moja tu chuoni, ndefu, ya maana, tuliyokabidhiwa kwa hotuba na kupigwa picha. Kwa nje haikupata hata mchubuko. Lakini jioni ile niliipima kwenye ukuta ninaoujua, nikakuta kile kichupa cha kusimamishia ukuta kimehama. Ukuta ukiwa wima kabisa, povu halikukaa katikati. Lilisogea upande wa ukuta na kugusa mstari. Ningesema. Ningeandika barua ya mistari mitatu. Badala yake nilipaka rangi nyekundu ubavu mmoja ili tuitumie upande ule ule daima, na kundi la mwaka ule nikawaambia siri yenyewe, tukacheka pamoja. Nikawaambia: povu liguse mstari wa karibu na ukuta, mambo yatakwenda sawa. Na yalikwenda sawa.

Kundi la pili sikuwaambia sababu, niliwapa kanuni tu. Kundi la tatu, kanuni ikawa wimbo. Nilikuwa nasema, "Povu?" na darasa zima linaitikia, "Liguse mstari wa karibu na ukuta." Somo la kugeuza pimamaji nikaliondoa, maana kila tulipoigeuza ilinivua nguo. Kila mwaka ikaja fomu ya kuuliza kama vifaa vyote ni vizima, na kila mwaka nikasaini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ni mwashi, kujenga ukuta ndiyo kazi yangu; labda ndiyo maana ufa haukunitia hofu.

Turudi ukumbini. Kabla ya kengele, mwalimu anaruhusiwa dakika kumi na tano za kuzungumza na mshindani wake. Baada ya hapo ni marufuku mpaka jioni: unasimama nyuma ya kamba ya njano, husemi, huonyeshi ishara, na ukikamatwa, anayefukuzwa ni mshindani. Dakika hizo kumi na tano ndizo nilizokuwa nazo.

Mkuu wa Msafara alikuja mbio, tai yake imepinda. Huyu ndiye mtu anayepitisha zile fomu.

"Mwalimu, hii aibu ya nini? Si ulisaini kwamba vifaa vyote ni vizima?"

"Vilikuwa vizima, Mkuu," nikasema. "Ni hawa watu wa mizigo uwanja wa ndege. Wanarusha vitu hovyo."

Uongo huo ulinitoka kirahisi mpaka nikajishangaa. Mkuu akaguna, lakini hakuondoka. Alibaki amesimama pale, mikono nyuma. Sisimizi alikuwa anachana nailoni ya pimamaji mpya. Akaishika, akaitazama juu na chini, akatafuta rangi nyekundu, hakuiona.

"Mwalimu, hii natumia vilevile?"

Aliniuliza. Nataka ieleweke hivyo. Sitaki mtu aje kunitetea kwamba mambo yalikwenda haraka. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida, ananitazama usoni, na zilikuwa zimebaki dakika tisa. Jibu lilikuwa maneno manne: hii mpya, weka katikati. Lakini Mkuu alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, na mtu akisema "hii mpya weka katikati" lazima aulizwe ile ya zamani iliwekwaje, na kwa nini, na tangu lini.

"Pimamaji ni pimamaji, mwanangu," nikasema. "Fanya kama nilivyokufundisha."

Akaitikia kwa kichwa. Akafunga kitambaa chake, akavaa glovu.

Nilijiambia kwamba ataona mwenyewe. Mwashi hodari haongozwi na povu, anaongozwa na jicho, na Sisimizi ana jicho ambalo sijaliona kwa mtu mwingine, nami nikiwemo.

Kengele ikalia saa tatu. Kila mshindani alikuwa na kibanda chake kisicho na mlango, rundo la matofali, pipa la maji, na mchoro wa ukuta wenye dirisha la duara. Siku tatu. Sisimizi alisoma mchoro kwa dakika ishirini bila kugusa tofali, wakati jirani yake wa kushoto ameshalaza kozi nzima, yaani safu moja ya matofali. Kisha akaanza, na ikawa raha kumtazama. Saruji yake ilikaa kwenye mwiko bila kudondoka. Hakugonga tofali mara mbili. Watazamaji walianza kusogea kutoka kwa wengine na kuja kwetu, na mkuu wa msafara wa nchi nyingine aliniinulia kidole gumba. Nilitabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Kwenye kozi ya pili alisimamisha pimamaji. Nilikuwa mbali hatua kama sita, lakini kitu hicho nimekitazama miaka thelathini, sihitaji kusogea. Povu liligusa mstari wa karibu na ukuta. Sisimizi akaridhika, akaendelea.

Kwenye kozi ya nne alisimama. Akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na nguzo ya chuma ya ukumbi, nayo ilikuwa wima, na kati ya nguzo na ukuta wake kulikuwa na upenyo ambao juu ulikuwa mpana kuliko chini. Ukuta ulianza kumwinamia. Ona, nikasema moyoni, ona basi. Aliona. Akachukua pimamaji, akaisimamisha tena, na povu likagusa mstari kama nilivyomfundisha. Akaitazama nguzo. Akatazama povu. Kisha akageuza kichwa akanitazama mimi.

Nilitazama viatu vyangu.

Kanuni inakataza ishara, na hilo nililishika kama kamba ya kuokolea. Lakini ukweli ni kwamba sikutazama chini kwa ajili ya kanuni. Nilipoinua uso, alikuwa amerudi kazini. Kozi ya tano, ya sita, ya saba. Mistari myembamba, safi, kila kiungo sawa na mwenzake. Kufika saa kumi na moja jioni alikuwa na kozi kumi na tano, ukuta mzuri kuliko wote ukumbini, na umelala milimita sita kwa kila mita. Kinachosamehewa ni milimita moja.

Waamuzi walikuja na vipimo vyao. Mmoja alipima mara tatu, akamwita mwenzake naye apime. Walikuwa wanautazama ukuta kwa huruma.

Jioni tulipewa tena dakika kumi na tano. Tulikaa kwenye benchi karibu na mabomba ya kunawia, yeye anakwangua saruji kwenye kucha. Mkuu hakuwepo, alikuwa kwa fundi umeme wetu aliyefanya vizuri. Msusi wetu alipita na begi lake la vitana, akaniuliza kama Babu Saruji, ndivyo wanavyoniita, ameshaandaa hotuba ya ushindi. Akatazama uso wangu, akaenda zake.

Nikamwambia. Sikupamba. Jukwaa, miaka tisa, kichupa kilichohama, rangi nyekundu, wimbo. Nilimweleza kwa nini yule mama aliigeuza. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza aliendelea kukwangua ukucha ule ule.

"Kwa hiyo asubuhi nilipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na kozi ya nne?"

"Nilikuwa najua."

Mtu alifungua bomba, akanawa, akafunga, akaondoka.

"Mimi niliona, Mwalimu," akasema. "Jicho langu lilikataa kabisa. Nikasema huu ukuta unaniangukia. Halafu nikakutazama, ukatazama chini. Nikajua basi, ni macho yangu ndiyo mabovu. Mwalimu hawezi kuona mtu anaharibu akanyamaza."

Nimetukanwa na makandarasi, nimetukanwa na wakwe, na mara moja nilipigwa ngumi na fundi bomba. Hakuna kilichowahi kuniingia kama sentensi hiyo, na msichana mwenyewe aliisema taratibu, bila hasira, anaeleza tu jinsi kosa lilivyotokea.

"Vunja," nikamwambia. "Kesho asubuhi vunja yote, anza upya. Kozi kumi na tano unaweza..."

"Tafadhali usiniambie la kufanya."

Akainuka. Dakika tano zilikuwa bado zimebaki.

Asubuhi yake alikuja kibandani peke yake. Dakika zake kumi na tano alizitumia kunywa maji akiwa amekaa juu ya ndoo, kanipa mgongo. Kengele ilipolia, alichukua pimamaji mpya, akaisimamisha kwenye nguzo ya chuma, akatazama, akaigeuza, akatazama tena. Nzima. Akaiweka chini, akachukua nyundo.

Watazamaji walipiga kelele za mshangao tofali la kwanza lilipotoka. Mwamuzi mmoja alimkimbilia akidhani ameumia. Sisimizi alimwonyesha kwa mkono kwamba yuko sawa, akaendelea. Saruji ilikuwa imeshakamata, kwa hiyo kila tofali lilibidi ligongwe, lichomolewe, likwanguliwe, lipangwe pembeni. Ilimchukua mpaka saa nane mchana kurudi chini kwenye sakafu. Mkuu wa Msafara alisimama karibu nami anatweta. "Amerukwa na akili huyu? Mwalimu, amerukwa na akili?" Nikasema sijui. Nilisema sijui, siku ya pili, baada ya yote hayo.

Akajenga upya. Kengele ya mwisho, saa saba mchana siku ya tatu, ilimkuta kwenye kozi ya kumi na saba kati ya ishirini na nane, bila dirisha la duara, ambalo peke yake lina alama mia mbili. Waamuzi walipima alichojenga. Hakikuwa na kosa hata la nusu milimita. Yule mama wa miwani alikuja kutoka kwenye meza yake ya vifaa, akaweka kiganja kwenye matofali, akakaa hivyo kwa muda. Alama zilipobandikwa, Sisimizi alikuwa na mia nne na tisini na mbili. Alisoma karatasi kutoka juu mpaka chini, mara mbili, kisha akaenda kufagia kibanda chake ingawa kuna watu wa kazi hiyo.

Saa kumi Mkuu alituita katika chumba cha mikutano cha hoteli, atuhoji kwa ajili ya ripoti yake. Meza ya kioo, chupa za maji, sisi watatu. Akafungua daftari.

"Binti, nchi nzima ilikuwa inakutazama. Kwa nini ulibomoa?"

Sisimizi alikuwa ameshika mikono yake mapajani. Ilikuwa na malengelenge.

"Nilikosea kupima," akasema.

"Ulikosea vipi? Bingwa wa taifa?"

"Nilikosea tu, Mkuu. Mwalimu hahusiki."

Mkuu akaanza kuandika. Nilimtazama msichana huyu anayenisitiri, na nikaona kwamba hakufanya hivyo kwa mapenzi. Alikuwa amemalizana nami, hakuwa na haja nami tena, na kunitaja kungekuwa kazi nyingine ya kufanya.

"Weka kalamu chini, Mkuu," nikasema. "Hilo unaloandika ni uongo. Ukiandika, andika mimi."

Nikasema yote, mpaka uongo wa watu wa mizigo. Niliona uso wake unabadilika, kwanza hasira, halafu kitu kama woga, maana sahihi yake iko chini ya yangu kwenye fomu zote tisa. Mwishoni aliniambia nisikanyage karakana mpaka niitwe, na kwamba ahadi ya Wizara ni ahadi ya alama, si ya huruma, hana uwezo wa kuibadilisha. Nikasema nimesikia. Na lazima nikiri, nilipotoka kwenye korido nilijisikia mwepesi. Nilijiona mwanamume. Nilimngoja Sisimizi nje ya mlango nikiwa na maneno yangu ya kuomba radhi tayari mdomoni.

Alitoka, akanipa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mazoezi. Ilikuwa na majina kumi na manne, na mbele ya kila jina sehemu anapofanya kazi.

"Hawa ndio wanafunzi wako wa zamani ninaowajua," akasema. "Wengine unawajua wewe. Wamenunua pimamaji zao dukani, nzima, na wanaimba ule wimbo."

Nilisimama na karatasi mkononi. Miaka tisa, nikitoa lile kundi la kwanza lililojua siri, ni zaidi ya watu mia na thelathini. Yupo aliyewahi kunipigia simu kulalamika kwamba milango ya nyumba zake inafunguka yenyewe, nami nikamwambia amlaumu seremala.

"Anza sasa," akasema Sisimizi. "Huko nyumbani bado ni saa za kazi."

Akaenda chumbani kwake. Nikakaa kwenye kiti cha korido, nikavaa miwani, nikampigia wa kwanza kwenye orodha, kijana tuliyemwita Ngazi kwa sababu ya urefu wake. Alipokea mara moja. Nyuma yake nilisikia koleo linakwaruza sakafu.

"Shikamoo, Mwalimu. Tumewaona kwenye simu, mko mbali huko. Sisimizi kafanyaje?"

"Marahaba. Uko wapi sasa hivi?"

"Kazini. Tunapandisha madarasa, ghorofa ya pili, shule kubwa hii. Mwalimu, hutaamini, siku hizi nina vijana sita chini yangu. Wanashika haraka sana. Kila kitu nawafundisha vilevile ulivyotufundisha."

Nikamwomba asimamishe kazi na awaite wote sita karibu na simu. Akacheka, akadhani nataka kuwasalimia. Nikasikia hatua zao zinakuja juu ya mbao za jukwaa, mmoja baada ya mwingine, na sauti ya Ngazi inawaambia kwa fahari, "Njooni, njooni. Huyu ndiye mwalimu wangu."